Merikebu za Liberty

Mwaka 1940 vita vilikuwa vimewaka huko Ulaya. Uingereza ni nchi ya kisiwa. Chakula chake kingi, mafuta na silaha vilifika kwa njia ya bahari. Wajerumani walijua jambo hilo. Merikebu zao zinazokwenda chini ya maji ziliotea katika bahari ya Atlantiki, zikazamisha merikebu nyingi za mizigo pamoja na mabaharia wake. Merikebu zilizama upesi kuliko mafundi walivyoweza kujenga nyingine.

Waingereza wakaomba msaada Marekani. Serikali ya Marekani ikaamua kujenga merikebu za mizigo kwa mali yake yenyewe, zote kwa mfano mmoja. Ya kwanza iliitwa Patrick Henry, jina la mtu wa zamani aliyepigania uhuru wa nchi hiyo. Iliteremshwa majini tarehe 27 Septemba 1941. Kwa sababu hiyo zote ziliitwa Liberty, maana yake Uhuru.

Merikebu ya Liberty haikuwa nzuri ya kutazama. Urefu wake ulikuwa meta 134, kupita uwanja wa mpira. Mashini yake ilikuwa ya mvuke, ya namna ya zamani, na mwendo wake ulikuwa kilometa 20 tu kwa saa moja. Lakini iliweza kuchukua tani 9,000 za mizigo. Mizigo hiyo ingetaka malori 1,800 ya tani tano tano.

Zamani mabamba ya merikebu yaliungwa kwa misumari minene ya chuma. Kazi hiyo ilitaka siku nyingi na mafundi wazoefu. Sasa mabamba yaliunganishwa kwa moto, yaani kwa kuchomelea. Watu wengi ambao hawakujua kazi ya chuma walifundishwa, na wanawake maelfu walikuwa kati yao. Sehemu kubwa kubwa zilitengenezwa kando, kisha zikainuliwa na kuunganishwa pamoja. Merikebu ya kwanza ilichukua miezi 8. Baadaye merikebu moja ilichukua karibu siku 42. Mwezi wa Novemba 1942 merikebu Robert E. Peary iliunganishwa na kuteremshwa majini kwa muda wa siku 4 na saa 15! Mpaka mwaka 1945 zilikuwa zimejengwa merikebu 2,710.

Mwaka 1942 iliteremshwa pia merikebu Booker T. Washington. Nahodha wake, Hugh Mulzac, alikuwa mtu mweusi. Alikuwa na cheti cha unahodha tangu miaka mingi, lakini watu walimnyima merikebu kwa sababu ya rangi yake. Alipopewa hii, alikubali kwa sharti moja: mabaharia weusi na weupe wafanye kazi pamoja. Ikawa hivyo, akavuka bahari mara nyingi na askari na mizigo.

Lakini haraka ilikuwa na bei yake. Katika bahari za baridi, merikebu nyingine zilipasuka. Mwezi wa Novemba 1943 merikebu John P. Gaines ilikatika vipande viwili karibu na Alaska, na watu 10 wakafa. Wengine walisema kosa ni la wachomeleaji tu. Bibi Constance Tipper, mwalimu wa Cambridge huko Uingereza, alipima chuma chenyewe. Akaona kwamba chuma cha namna ile, kikipata baridi kali, huvunjika kama chungu. Tena, mabamba yakiungwa kwa moto huwa kama bamba moja. Ufa ukianza, hakuna mpaka wa kuuzuia. Basi mafundi wakaongeza nguvu pembeni mwa milango ya mizigo, mahali ambapo nyufa nyingi zilianzia.

Vita vilikwisha mwaka 1945. Merikebu karibu 200 zilikuwa zimepotea. Zilizobaki serikali ilizifanyaje? Nyingi iliziuza. Wagiriki, waliopoteza merikebu zao nyingi vitani, walinunua 100, nao wakaanza tena biashara yao ya baharini. Nyingine ziliwekwa pamoja mitoni na pwani za Marekani. Katika mto Hudson baadhi yao zilijazwa ngano, zikawa ghala.

Si zote zilizopata mwisho mwema. Moja ilipewa Wafaransa, wakaiita Grandcamp. Tarehe 16 Aprili 1947 ilikuwa katika bandari ya Texas City, na ndani yake mlikuwa mbolea. Mbolea ile ilishika moto, merikebu ikalipuka, na watu zaidi ya 500 wakafa. Nyingine, Richard Montgomery, ilikwama mchangani karibu na mdomo wa mto Thames mwezi wa Agosti 1944. Mpaka leo mabaki yake yamo majini, na ndani yake mna tani 1,400 za mabomu. Merikebu zapita mbali nayo.

Miaka ya 1960 na 1970 karibu zote zilizobaki zilivunjwa kuwa vyuma vikuukuu. Nyingine zilizamishwa kusudi, ziwe makao ya samaki. Chache tu zimehifadhiwa. Moja, Jeremiah O'Brien, ilisafiri tena mpaka Ufaransa mwaka 1994, miaka 50 baada ya vita vya Normandie, na wazee walikuwa kati ya mabaharia wake.

Wahenga husema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kuna siku ambapo haraka haina budi. Siku hiyo fundi atazame kazi yake mara mbili, na akiona ufa, asiufiche.

Maulizo
1. Kwa nini Uingereza ilihitaji merikebu nyingi?
2. Kuchomelea kuna faida gani? Kuna hatari gani?
3. Nahodha Mulzac alitaka sharti gani?
4. Taja mambo manne yaliyozipata merikebu hizi baada ya vita.
5. Eleza methali ya mwisho kwa mfano wa kazi ya nyumbani.