Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 12: Dola 200 na Msahafu



Allah azitakabali funga zetu. Leo tumzungumze mtu ambaye wengi wenu mnaijua kazi yake, ila yeye mwenyewe hamumjui. Ile filamu ya "The Message", au Ar-Risala kwa Kiarabu, ambayo kila Ramadhani hutazamwa tena majumbani, aliiongoza bwana mmoja akiitwa Moustapha Akkad. Alizaliwa mwaka 1930 katika mji wa Halab (Aleppo), Syria.

Baba yake alikuwa mtumishi wa forodha, si tajiri. Kijana akawa hana wimbo mwingine ila kwenda Marekani kusomea filamu. Watu wakamcheka, maana mtoto wa Halab na Hollywood wapi na wapi? Baba hakumcheka. Siku ya safari, kama Akkad alivyosimulia mwenyewe baadaye, mzee alimpa vitu viwili: dola 200 na Msahafu. Basi. Akenda zake, akasoma chuo kikuu kule Los Angeles.

Hebu simama hapo kidogo, wewe mzazi. Yule baba hakuwa na uwezo wa kumfuata mwanawe, wala wa kumchagulia marafiki. Alichokiweza ni kumpa cha kushika. Dola 200 zikaisha, kama pesa zote. Msahafu je? Miaka ikapita, yule kijana akaoa, akapata watoto, nao wakakulia Marekani. Akaona watu anaoishi nao hawaujui Uislamu, na wanachokijua ni cha kusikia tu. Ndipo akaamua kuusimulia kwa fani aliyoijua.

Sasa tazameni adabu ya kazi yenyewe. Kwanza aliwashirikisha waandishi wa Kiarabu pamoja na mwandishi wa Kiingereza, kisha muswada ukapelekwa kwa maulamaa wa Al-Azhar na wa Mashia wa Lebanon wausome. Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, haonekani humo hata kivuli, wala sauti yake haisikiki. Tena kila tukio lilipigwa mara mbili: waigizaji wa Kiingereza wakimaliza, wanaingia wa Kiarabu kuigiza lile lile. Huyo ni mwalimu anayejua kwamba wanafunzi wake ni wa aina mbili, na kila mmoja anastahili kusomeshwa kwa lugha yake.

Hata hivyo hakusalimika. Walianza kupiga picha Morocco, wakazuiwa, ikabidi wahamie Libya kumalizia. Wako maulamaa walioridhia kisha wakabadili msimamo, na hadi leo wapo wasiopenda Masahaba waigizwe. Hiyo ni ikhtilafu, tunaiheshimu. Na tusidanganyane: bwana huyu alitayarisha pia filamu za kutisha za "Halloween", wala sisemi kila alichofanya ni cha kuigwa. Tunachukua la kheri, mengine tunamwachia Mola wake.

Lakini sikilizeni la mwezi Machi 1977. Filamu ilikuwa ndiyo inaanza kuonyeshwa Marekani. Kundi la Waislamu wenye silaha likavamia majengo matatu mjini Washington, likashika mateka karibu 150, na mwandishi wa habari mmoja akauawa. Walikuwa na madai mengine mazito, ila mojawapo lilikuwa filamu hii iondolewe. Kwa nini? Ulikuwa umeenea uvumi kwamba kuna mtu ameigiza kuwa Mtume. Haikuwa kweli! Aliyedhaniwa hivyo aliigiza Hamza.

Na walitulizwa na nini? Mabalozi watatu, wa Misri, Iran na Pakistani, walikaa na kiongozi wao wakamsomea Qur'ani na kuzungumza naye, hadi mateka wakaachiwa. Qur'ani ile ile inayotuamrisha katika Surat al-Hujurat kwamba ikitujia habari tuichunguze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukabaki na majuto. Je, wangeanza nayo?

Usicheke ukasema hao ni wa Marekani. Simu iliyo mkononi mwako sasa hivi ina uvumi mangapi wa jana? Na mangapi umeyasukuma mbele kwa watu kabla hujayamaliza kuyasoma?

Baadaye, mwaka 1981, Akkad akatoa filamu ya Omar Mukhtar, mwalimu wa Qur'ani wa Libya aliyepambana na Wataliano hadi wakamnyonga mwaka 1931, akiwa mzee wa miaka 70 hivi. Mwalimu wa madrasa, jamani, anayefikiriwa kuwa kazi yake ni fimbo na alifu-bee-tee, ndiye shujaa wa hadithi nzima.

Mwisho wake unauma. Novemba 2005, siku chache baada ya Idi, Akkad alikuwa Amman, Jordan, kwa ajili ya harusi. Binti yake Rima naye alikuwa amefika. Wakakutana kwenye ukumbi wa hoteli, baba na binti, na bomu likalipuka. Binti alifariki, na baba akamfuata baada ya siku mbili. Walioua walidai wanafanya kwa jina la Uislamu, dini ile ile ambayo huyu mzee alitumia umri wake kuieleza dunia kwa upole.

Ndugu yangu, bomu lile lilimaliza watu wengi usiku ule. Halikuimaliza hadithi. Mpaka leo kuna mtoto mahali fulani anasikia adhana ya Bilal kwa mara ya kwanza kupitia kazi ile. Mtume ametufundisha kwamba mwanadamu akifa amali yake hukatika isipokuwa kwa matatu: sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea. Yule mzee wa forodha, kwa Msahafu mmoja, huenda amepata fungu katika yote.

Kazi ya leo ni mbili. Baada ya futari weka simu chini, wasimulie wanao kisa kimoja, cha Yusuf au cha Bilal, kwa mdomo wako mwenyewe. Na kabla hujalala, habari yoyote usiyo na uhakika nayo ikomee kwako.

Ewe Mola, warehemu wazazi waliotupa cha kushika, walinde watoto wetu, na uzihifadhi ndimi zetu na vidole vyetu. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.