Mali Iliyo Juu ya Jabali: Michoro ya Kale ya Kondoa

Wasomaji wetu, tusikiapo habari za vitu vizuri vya kale, fikira zetu huenda mbali, kwenye sanamu za Misri na mapambo ya wafalme yawekwayo katika nyumba za makumbusho za Ulaya. Kumbe hapa kwetu, katika nchi ya juu ya mkoa wa Dodoma, iko kazi ya mikono ya watu wa kale ambayo wataalamu huvuka bahari ili kuitazama. Twapenda kuwaeleza habari zake, pamoja na hatari iliyoikabili.

Katika nchi ya Kondoa, kwenye miteremko ishukayo kuelekea nyika ya Wamasai, yako majabali makubwa yaliyotokeza mbele mfano wa mapaa. Chini ya mapaa hayo mvua na jua havipigi sana, na hapo ndipo watu wa kale walipochora. Mahali penye michoro hiyo pamehesabiwa kuwa zaidi ya 150. Panapojulikana sana ni karibu na Kolo, kaskazini ya mji wa Kondoa, penye njia kuu iendayo Babati na Arusha. Mwaka 2006 UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, liliitia michoro hiyo katika orodha ya urithi wa dunia nzima.

Michoro ni ya namna mbili kubwa. Namna ya kwanza ni myekundu, kazi ya wawindaji wa kale. Humo twaona twiga, tembo na pofu, tena watu wembamba warefu wenye vichwa vilivyopambwa. Huko Kolo iko picha mashuhuri ya watu watano, na wa katikati ameshikwa mikono huku na huku. Wataalamu wengine husema anatekwa, na wengine husema ni ngoma. Namna ya pili ni nyeupe, yenye maumbo makubwa yaliyopakwa kwa kidole, nayo ni kazi ya wakulima waliokuja baadaye. Mwanafunzi akitaka kujua ipi ni ya zamani zaidi, na atazame mahali picha zilipopandana: iliyo chini ndiyo iliyotangulia.

Huenda msomaji akauliza, rangi hiyo imedumuje? Rangi nyekundu ni ngeu, yaani udongo wenye chuma. Wekundu wake ni sawa na wa kutu, wala jua haliufifishi upesi. Mwaka 1956 bwana Ray Inskeep alichimba kwa utaratibu chini ya jabali moja huko Kisese, na katika udongo ule zilipatikana shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Vipimo vya miaka hii vimeonyesha kwamba baadhi ya shanga hizo zina umri wa zaidi ya miaka 40,000. Lakini tusichanganye mambo: umri wa shanga ni umri wa shanga, wala si umri wa picha zilizo ukutani.

Mahali hapa si pa wafu tu. Huko Mungomi wa Kolo wenyeji wamekuwa wakienda kuomba mvua na kutafuta uponyaji, na desturi hiyo ni mojawapo ya sababu za mahali hapo kuheshimiwa na UNESCO. Hata hivyo pombe ya tambiko ikirushwa ukutani huiharibu picha. Wazee wakipatana imwagwe chini, mbali na ukuta, desturi itadumu na picha zitadumu.

Lakini madhara makubwa zaidi yatoka kwa watu wasio na tambiko wala elimu. Wako wachimbao mashimo chini ya majabali kwa uvumi kwamba Wadachi walificha dhahabu humo wakati wa vita vya 1914 hadi 1918. Wako waandikao majina yao kwa mkaa, na wawashao moto hata moshi ukafunika picha. Tena wako wamwagao maji ili rangi ing'ae, nao hawafahamu kwamba maji hubeba chumvi, na chumvi ikikauka huacha utando mweupe juu ya picha. Bibi Mary Leakey, aliyenakili michoro hii mwaka 1951, alipotoa kitabu chake mwaka 1983 alikipa jina lisemalo kwamba sanaa hii inatoweka.

Wala kazi ya kutafuta haijaisha. Mwaka 2018, katika pori la akiba la Swaga Swaga, pale paitwapo Amak'hee, ilionekana michoro mingine, na miongoni mwake mna watu wenye vichwa mfano wa nyati.

Basi walimu wawapeleke watoto kutazama kwa macho, wasiguse. Viongozi wa vijiji wawazuie wachimbaji, na mtu aonaye mchoro mpya awapashe habari wakuu wa Mambo ya Kale. Achimbaye chini ya jabali aitafuta mali, na mali yenyewe iko juu ya kichwa chake, ukutani. Akiibomoa, hapana fundi duniani awezaye kuirudisha.