Pampu za Moyo kwa Wagonjwa Wenye Kasoro za Moyo za Kuzaliwa Nazo

Utangulizi

Anayeishi Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, hahitaji kuelezwa maana ya maji ya mserereko. Chanzo kikiwa juu na bomba likiwa zima, maji hushuka yenyewe. Mserereko ukikosekana, pampu huhitajika. Mfano huo unasaidia kuelewa moyo, hasa moyo wa mtu aliyezaliwa na kasoro.

Takriban mtoto mmoja kati ya 100 wanaozaliwa hai huwa na kasoro ya moyo. Wengi wakitibiwa mapema, kwa mfano kwa kuzibwa tundu lililo kati ya chemba za moyo, huishi maisha ya kawaida. Wapo wengine ambao upasuaji huwapunguzia tatizo bila kuliondoa. Hao ndio ambao, baada ya miaka 20 au 30, moyo wao huweza kuchoka na kushindwa kusukuma damu ya kutosha.

Kwa nini moyo huchoka

Makundi mawili yanahitaji uangalizi wa pekee. La kwanza ni la wagonjwa ambao chemba ya chini ya kulia, iliyoumbwa kupeleka damu kwenye mapafu tu, ndiyo inayosukuma damu mwili mzima. Chemba hiyo hubeba mzigo usio wake, na hatimaye hutanuka na kulegea.

Kundi la pili ni la waliozaliwa na chemba moja tu ya chini yenye nguvu. Hawa hufanyiwa upasuaji unaoitwa Fontan, ambapo damu inayorudi kutoka mwilini huelekezwa moja kwa moja kwenye mapafu bila kupitia chemba yoyote ya kuisukuma. Huo ni mserereko hasa: damu hutiririka kwa sababu shinikizo la upande wa mishipa ya mwili limezidi kidogo lile la upande wa pili. Shinikizo la mapafu likipanda, mtiririko hupungua, ini huvimba na maji hujaa tumboni.

Pampu inavyofanya kazi

Pampu inayotumika zaidi kwa watu wazima hupandikizwa kifuani. Hufyonza damu kutoka kwenye chemba ya chini na kuisukuma kwenye ateri kuu, yaani aota. Ndani ya HeartMate 3, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, kuna rota inayoelea kwa nguvu ya sumaku bila kugusa kuta. Waya mmoja hutoka kupitia ngozi ya tumbo hadi kwenye kidhibiti na betri anazobeba mgonjwa. Kwa watoto wadogo ipo Berlin Heart EXCOR, ambayo pampu yake hukaa nje ya mwili na kuendeshwa kwa hewa. Marekani iliiidhinisha mwaka 2011.

Kwa baadhi ya wagonjwa pampu ni daraja la kuwafikisha kwenye upandikizaji wa moyo. Kwa wengine ni tiba ya kudumu.

Ugumu katika moyo wenye kasoro

Pampu hizi zilibuniwa kwa ajili ya chemba ya kushoto yenye umbo la kawaida. Chemba ya kulia ina misuli mingi inayojitokeza ndani, ambayo huweza kuziba mdomo wa pampu, hivyo daktari wa upasuaji hulazimika kuikata. Makovu ya upasuaji wa zamani huongeza hatari ya kutokwa damu. Kwa mgonjwa wa Fontan, pampu husaidia zaidi pale chemba yenyewe inapokuwa imedhoofika. Tatizo likiwa kwenye mapafu au ini, faida yake huwa ndogo.

Kuishi na pampu

Mgonjwa hutumia wafarini kila siku ili damu isigande ndani ya pampu, na hupimwa damu mara kwa mara. Kidonda cha waya husafishwa kwa uangalifu, kwa kuwa maambukizi yake huweza kufika kwenye damu. Usiku pampu huunganishwa na umeme wa nyumbani. Kwa hiyo umeme ukikatika ghafla, betri zilizochajiwa ndizo uhai wa mgonjwa.

Mhudumu wa afya akumbuke kuwa mgonjwa huyu anaweza kukosa mapigo ya mshipa, na mashine ya kawaida ya shinikizo la damu ikashindwa kusoma, ilhali yu hai na anazungumza. Akizimia, itazamwe pumzi na rangi ya ngozi, usikilizwe mvumo wa pampu kifuani, na zikaguliwe betri na waya. Ikiwa hajitambui, hapumui vizuri na pampu imesimama wala haiwashiki, kifua kikandamizwe kama kwa mgonjwa mwingine yeyote.

Kazi inayoanzia Bigwa

Pampu ni ghali, na si sehemu ya huduma za kila siku za hospitali za mikoa. Kinga iliyo karibu zaidi ni kutambua kasoro mapema. Mtoto anayetoka jasho na kuchoka anaponyonya, anayepumua haraka, asiyeongezeka uzito, au mwenye midomo ya bluu, apimwe kiwango cha oksijeni mkononi na mguuni. Kiwango kilicho chini ya asilimia 90 kinadai rufaa ya haraka. Kutoka zahanati, njia hupitia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ambako watoto hufanyiwa upasuaji wa moyo na tiba ya katheta.

Aliyekwisha kufanyiwa upasuaji naye asiache kliniki kwa kuwa anajisikia mzima. Miguu ikianza kuvimba, pumzi ikikata kwenye mlima aliouzoea, au moyo ukienda mbio bila sababu, aende hospitali siku hiyo hiyo akiwa na kadi yake ya upasuaji. Moyo unaochoka ukigunduliwa mapema, dawa na tiba ya katheta bado vina nafasi kubwa ya kuusaidia.