Kufundisha Utengenezaji wa Upinde: Jicho Kabla ya Kisu

Kazi za mikono, kwa jina lolote zinalopewa katika mtaala, hufundishwa mara nyingi kinyumenyume. Mwalimu huonyesha kitu kilichokamilika, wanafunzi huagizwa kuleta kingine kama hicho baada ya juma moja, na alama hutolewa kwa uzuri wa kitu kilicholetwa. Matokeo yake yanajulikana. Kitu huchongwa na kaka au baba, mwanafunzi hukibeba tu, na mwalimu hutoa alama nane kwa kumi kwa mtu asiyekuwamo darasani.

Makala hii inakusudia kuwaonyesha wanachuo namna kazi moja, yaani utengenezaji wa upinde wa mti, inavyoweza kufundishwa darasani tangu mwanzo hadi mwisho. Upinde umechaguliwa kwa sababu moja kubwa. Sehemu ngumu ya kazi hii ni kutazama. Kuchonga kijiti chembamba kila mtoto aliyewahi kuchunga mbuzi anaweza. Kukifanya kijiti hicho kipinde sawasawa pande zote mbili ni jambo jingine, na humo ndimo limo somo lenyewe.

Upinde katika mazingira yetu

Mwanachuo anayefanya mazoezi ya kufundisha katika shule za Babati hana haja ya kutafuta mifano ya mbali. Barabara itokayo Babati kwenda Kondoa hupita Kolo, penye michoro ya miambani iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na miongoni mwa michoro hiyo wamo watu walioshika pinde. Upande wa pili, katika bonde la Yaeda wilayani Mbulu na kandokando ya Ziwa Eyasi, Wahadzabe wangali wakitengeneza pinde na kuzitumia. Mtoto wao wa kiume hupewa upinde wake mdogo angali na umri wa miaka mitatu hivi. Hapewi maelezo marefu. Hukaa karibu na wakubwa wanyooshapo mawano ya mishale kwa moto na kwa meno, na kadiri anavyokua ndivyo upinde wake unavyoongezewa urefu na nguvu. Yafaa mwalimu ajihadhari asiwataje Wahadzabe kana kwamba ni masalia ya kale. Ni wananchi wa leo, na huenda mtoto wao ameketi dawati la mbele.

Darasani watakuwamo pia watoto wa Kiiraqw, Kigorowa, Kibarbaigi na Kirangi, na baadhi yao wamekwisha kuchonga pinde za kuchezea machungani. Mwalimu na aanze kwa kuwauliza hao: mlitumia mti gani, ulivunjika wapi, mlifanya nini baadaye? Mara nyingi ataona kuwa wanajua miti kuliko yeye, na hilo lisimwondolee heshima. Lamwondolea kazi ya kueleza yanayojulikana.

Kabla ya kukata mti wowote kuna ruhusa za kutafuta. Mwalimu mkuu aarifiwe, na serikali ya kijiji iulizwe ni wapi matawi yanaweza kukatwa. Wazazi nao waelezwe shabaha ya somo, kwa kuwa upinde ni silaha, na katika sehemu nyingi za nchi watu wanaukumbuka zaidi mikononi mwa Sungusungu wa miaka ya 1980 kuliko mikononi mwa mtoto wa shule. Iwekwe wazi pia kuwa hakuna atakayewinda. Hifadhi ya Tarangire i jirani nasi, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu uwindaji pasipo kibali. Mishale ya somo iwe na ncha butu, iliyofungwa kitambaa. Habari za sumu zisiingie darasani hata kama mtoto atauliza.

Lipo na suala la wasichana. Mzee aliyealikwa kuonyesha kazi anaweza kusema kuwa upinde haushikwi na mwanamke. Mwalimu asibishane naye mbele ya watoto. Ampelekee habari mapema, kwa adabu: "Shikamoo, mzee. Darasa langu lina wavulana na wasichana, nami nawafundisha wote kupima na kutazama. Waonaje?" Wengi hukubali wakiulizwa hivyo kabla ya siku yenyewe. Asipokubali, na aonyeshe uchaguzi wa mti na ukaushaji wake, na kazi ya kusawazisha ifanywe siku nyingine na darasa zima.

Mti na ukaushaji wake

Mkole ni mti mzuri kwa kazi hii, maana una nyuzi ndefu na hupinda bila kukatika upesi. Litafutwe tawi au chipukizi lililonyooka, lisilo na vifundo, lenye urefu wa mwanafunzi mwenyewe na unene wa sentimita 3 hadi 4. Ganda liondolewe taratibu. Upande mmoja utakuwa mgongo wa upinde, ule utakaomwelekea mlengwa, na mgongo huo usiguswe na kisu tena hata mara moja. Kuchonga kote kutafanywa upande wa tumbo, unaomwelekea mpiga mshale. Mti uchongwe kwa makadirio ungali mbichi, ncha zipakwe nta au rangi ili zisipasuke, kisha ufungwe juu ya ubao ulionyooka na kuwekwa kivulini penye upepo. Kata mti mwanzoni mwa muhula wa pili, wakati wa kiangazi. Baada ya majuma matano au sita kipande chembamba kitakuwa tayari.

Siku za kungojea zitumiwe katika Sayansi na Hisabati. Chukua kipande cha sifongo la godoro, chora mistari iliyosimama ubavuni mwake, kisha kipinde. Wanafunzi wataona mistari ikiachana upande wa nje na kusongamana upande wa ndani. Ndivyo ulivyo upinde: mgongo huvutwa, tumbo hubanwa. Nyuzi za mgongo zikikatwa na kisu, ufa huanzia hapo. Kanuni hii haibadiliki kwa nchi wala kwa mti. Meli ya Kiingereza Mary Rose, iliyozama mwaka 1545, ilipoinuliwa kutoka baharini mwaka 1982 ilipatikana na pinde zaidi ya mia moja za mti wa nchi za baridi, nazo zimechongwa kwa kuheshimu mgongo vilevile.

Katika Hisabati, wanafunzi wakokotoe 9 × 9 × 9 na kulinganisha na 10 × 10 × 10. Ukakamavu wa mti hufuata unene wake uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu; kwa hiyo mkono wa upinde uliopunguzwa sehemu moja ya kumi ya unene hubaki na 729 tu kati ya 1,000 za ukakamavu wake wa awali. Zaidi ya robo imekwenda kwa makwaruzo machache! Mwanafunzi aliyekokotoa hesabu hii mwenyewe hushika kisu kwa namna nyingine.

Kusawazisha

Hapa ndipo penye kazi. Kusawazisha ni kupunguza mti kidogo kidogo mpaka mikono miwili ya upinde ipinde kwa kiasi kimoja, na kila mkono upinde kwa duara laini kutoka karibu na mshiko hadi karibu na ncha. Mshiko wenyewe, sentimita 10 za katikati, uachwe mnene.

Zana kuu ni ubao wa kupimia. Chukua ubao mwembamba wa urefu wa mita moja, kata pengo juu ambamo mshiko utakaa, na ukate meno ubavuni kila baada ya sentimita 5. Usimamishe mbele ya ubao wa chaki na uukaze vizuri. Upinde ulazwe juu yake, upote wa katani iliyosokotwa ukiwa umelegea, kisha upote uvutwe chini hadi jino la kwanza. Mwalimu achore kwa chaki umbo la upinde ulivyopinda, apige mstari mlalo juu yake, na wanafunzi wapime umbali kutoka mstarini hadi kila ncha. Ikiwa ncha moja imeshuka sentimita 6 na nyingine sentimita 4, ulizo ni hili: tupunguze wapi?

Karibu darasa zima litajibu vibaya, na mwalimu aliache lijibu. Jicho la mtoto huvutwa na mahali panapoonekana kupinda, na mkono hufuata jicho. Atataka kukwaruza palepale. Lakini mahali panapopinda mno ndipo pasipotakiwa kuguswa, maana pamekwisha kuwa dhaifu. Panapotakiwa kupunguzwa ni penye ukaidi. Katika darasa la tano nimeona yafaa kuuita mkono usiopinda "mkono mvivu". Kila mara kabla ya kisu kuguswa, kikundi kiulizwe: "Mkono upi mvivu? Uvivu wake uko wapi, karibu na mshiko au karibu na ncha?" Asiyejibu akiwa amenyosha kidole mahali penyewe hapewi kisu.

Kukwaruza kufanywe kwa kisu kilichosimamishwa wima, au kwa tupa ya mbao, makwaruzo kumi tu. Kisha upinde uvutwe taratibu mara ishirini hivi, kwa kuwa mti hauonyeshi mara moja ulichopoteza. Ndipo upimwe tena. Upinde usivutwe kupita jino lile ambalo kasoro imeonekana. Kwanza kasoro isahihishwe, ndipo jino linalofuata. Kwa upinde wa urefu wa sentimita 140, sentimita 50 za mvuto zatosha. Pakionekana mahali pamepinda ghafla kama kiwiko, kazi isimame, na sehemu zilizo pande zote mbili za kiwiko hicho zipunguzwe hadi zilingane nacho. Upinde utakuwa mwepesi kuliko ilivyokusudiwa, nao utafaa hivyohivyo.

Nguvu ya upinde ipimwe kwa ndoo ya maji iliyotundikwa kwenye upote. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa watoto wa miaka kumi na mmoja hadi kumi na mitatu, kilo 6 hadi 8 pamoja na ndoo yenyewe zatosha. Ndoo isiachwe ikining'inia kwa zaidi ya muda wa kusoma kipimo.

Darasa la wanafunzi arobaini ligawanywe vikundi vya watano, kila kikundi na mti mmoja, na mwalimu awe na miti miwili ya akiba. Mmoja hukwaruza, mmoja huvuta, wawili hutazama wakiwa wamesimama kando, wa tano huandika daftarini: tarehe, vipimo vya ncha zote mbili, mahali palipokwaruzwa. Kazi hizi zizunguke kila kipindi. Alama zitolewe kwa daftari hilo. Upinde ukivunjika, na mmoja au miwili huvunjika, vipande viunganishwe mezani na kikundi kirudie kusoma daftari lake hadi kipate mstari ambao ulitangulia ufa. Kikundi kinachouonyesha mstari huo kipewe alama zake zote, na mti wa akiba.

Siku ya kupiga shabaha, wote wasimame nyuma ya mstari mmoja, na pasiwe na njia ya watu upande wa pili. Upote usiachiwe kamwe pasipo mshale, kwani nguvu yote huurudia mti na kuuvunja. Baada ya kipindi, kila upinde uondolewe upote upande mmoja, ulazwe juu ya vigingi viwili ukutani mwa ghala, na ufunguo ubaki kwa mwalimu.