Pima mashine yako ya kuelea kabla ya kununua bomba

Umechora mnyororo wa maboya. Upande mmoja yanapanda ndani ya mnara wa maji, upande wa pili yanashuka kwa uzito wake, na jenereta inazunguka bila mafuta. Kabla hujapanda pikipiki kwenda soko la Gakiriro ya Gisozi, Kigali, kununua bomba, chukua kalamu.

Hesabu boya moja. Jerikani tupu ya lita 20 ikizama yote, maji huisukuma juu kwa takriban niutoni 196. Ikipanda mita 2, umepata jouli 392. Uzito wa jerikani uache: unachopoteza ikipanda, unakipata ikishuka.

Hesabu mlango wa chini. Kuiingiza jerikani chini ya mnara ni kusogeza lita 20 za maji yenye shinikizo la mita 2. Gharama yake ni jouli 392 zilezile. Umebaki na sifuri, na msuguano bado haujadai chake.

Usirefushe mnara. Ukiufanya wa mita 20, faida inafika jouli 3,920. Gharama ya mlango nayo inafika hapo.

Ukijenga modeli, ondoa betri na mota ya kuanzishia. Gurudumu zito huendelea kuzunguka muda mrefu kwa msukumo wa mwanzo. Liache mpaka lisimame, ndipo utoe uamuzi.

Jifunze kutoka Ziwa Kivu. Maji ya kina kirefu yana methani na kaboni dioksidi zilizoyeyuka. Unashusha bomba, unaanzisha kwa pampu. Maji yakipanda, shinikizo linapungua, gesi inatoka kama mapovu, na maji ya ndani ya bomba yanakuwa mepesi kuliko ya nje. Baada ya hapo yanapanda yenyewe, pampu unaizima. Kinachoyapandisha ni gesi iliyohifadhiwa ziwani. Kituo cha umeme cha KivuWatt, kule Karongi, Rwanda, huichoma methani hiyo kuzalisha megawati 26.

Tumia mteremko wako. Ukiwa na kijito bondeni, jenga haidramu, pampu inayoendeshwa na maji yanayoshuka. Lita 100 zikishuka mita 3, kikomo chake ni kupandisha lita 10 hadi mita 30. Panga kupata 6, zinazobaki zinarudi kijitoni. Hutalipia petroli wala umeme.

Weka alama kwenye kila mchoro. Chora mshale mwekundu pale nishati inapoingia. Ukikosa pa kuuchora, pesa ibaki mfukoni na mchoro urudi mezani.