Udugu wa Mafashisti na Visima vya Walwal

Katika mwaka wa 1941 vijana wengi wa Ukambani, kutoka Kitui na pande za Makueni (siku zile Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos), walikuwa katika vikosi vya Keya vilivyopigana na Wataliani huko Somalia na Uhabeshi. Asili ya ugomvi ule ilikuwa ya zamani zaidi, nayo Italia ilikuwa na marafiki katika nchi ndogo za Ulaya.

Ufashisti ni siasa isemayo kwamba taifa ndilo jambo la kwanza, kiongozi ni mmoja, wala hakuna ruhusa ya kumpinga. Mussolini alishika serikali ya Italia mwaka wa 1922, na punde vyama vya kumwiga vikazuka kwingineko. Hata mavazi yaliigwa: Wataliani walivaa shati nyeusi, wenzao wa Ireland za buluu, wa Rumania za kijani.

Tarehe 16 na 17 Desemba, 1934, wajumbe wa vyama hivyo walikutana Montreux, katika nchi ya Uswisi, kwa mwito wa kamati iliyoundwa na Wataliani. Walikuwapo Quisling wa Norwe, O'Duffy wa Ireland na Moța wa Rumania. Chama cha Hitler hakikuwapo. Mara wakagombana. Moța alitaka wote wapigane na Wayahudi; wengine hawakukubali, na mwisho ikaamuliwa kila taifa litazame mambo yake lenyewe. Na ingekuwaje vingine? Kila mmoja alihubiri kwamba taifa lake lapita yote. Nani basi angekubali kuwa mdogo wa mwenziwe?

Siku 11 kabla ya mkutano huo, tarehe 5 Desemba, askari wa Italia na wa Uhabeshi walikuwa wamepigana penye visima vya Walwal, katika nchi kavu ya Ogaden. Mtu wa Kitui hahitaji kuelezwa thamani ya kisima katika nchi kama ile. Lakini Mussolini hakutaka maji, alitaka sababu. Tarehe 3 Oktoba, 1935, majeshi yake yaliingia Uhabeshi, na baadaye yakatumia hata hewa ya sumu.

Chama cha Mataifa kiliamua kuizuilia Italia biashara. Austria, Hungaria na Albania zikakataa. Mbili za kwanza zilikuwa zimetia sahihi mapatano na Italia huko Roma mwezi wa Machi, 1934. Albania iliishi kwa fedha za Italia. Hata hivyo, haifai lawama yote kutupiwa wadogo, maana mafuta ya petroli hayakukatazwa, na hilo lilikuwa shauri la wakubwa. Addis Ababa ikaanguka tarehe 5 Mei, 1936.

Marafiki wale watatu walipata nini? Austria ilimezwa na Ujerumani Machi, 1938. Albania ilivamiwa na Italia yenyewe Aprili, 1939. Hungaria ilikaliwa na majeshi ya Hitler Machi, 1944. Naye Quisling, aliyewatumikia Wajerumani waliposhika nchi yake, alipigwa risasi kwa hukumu ya mahakama ya Norwe mwaka wa 1945.

Italia iliingia vitani na Uingereza tarehe 10 Juni, 1940, na mwezi uliofuata ikatwaa Moyale, mpakani mwa Kenya. Hapo ndipo Keya walipohusika. Addis Ababa ilikombolewa tarehe 6 Aprili, 1941, na Mfalme Haile Selassie akarudi mjini mwake tarehe 5 Mei, miaka mitano kamili tangu Wataliani walipouingia.