Somo Juu ya Mawe ya Singida

Vijana wetu wakiulizwa na wageni habari za Singida, hujibu kwa maneno matatu: vumbi, upepo na mawe. Msafiri apitaye kwa basi kutoka Dodoma kwenda Mwanza hutazama dirishani, akaona nchi kavu, vichaka vya miiba na maduka ya bati yafananayo na ya kila mji. Kisha hulala tena. Yeye hatumlaumu. Hatuna mlima wenye theluji, wala pwani yenye minazi, na mwezi wa Septemba nchi yote ina rangi ya majivu. Lakini mzaliwa wa hapa akisema vivyo hivyo, hapo twaona jambo la kufundisha, maana yeye hasemi aliyoyaona. Asema aliyoyasikia kwa wapita njia.

Basi tuanze na mawe yayo hayo yanayodharauliwa. Wako wadhanio kwamba yaliviringishwa na maji ya gharika, au kwamba yalirundikwa na majitu ya zamani. Sivyo. Jiwe hili huitwa graniti. Hapo kale lilikuwa kama uji wa moto chini sana ya ardhi, likapoa polepole mno. Na kwa kuwa lilipoa polepole, punje zake zilipata nafasi ya kukua, hata leo twaziona kwa macho tu: nyingine zang'aa kama kioo, nyingine ni nyeupe au nyekundu kidogo, na kati yake mna vipande vyeusi vya ulanga vimetavyo juani. Umri wake wapita miaka milioni 2,500. Siku zile hapakuwa bado na mnyama ye yote juu ya nchi kavu, wala jani.

Miamba iliyolifunika ilipoliwa na mvua, uzito ulipungua, nalo jiwe likatanuka na kupasuka, nyufa za kushuka na nyufa za kulala, mfano wa ukuta wa matofali makubwa. Maji yakaingia katika nyufa hizo. Sasa angalieni: ubavu wa tofali huliwa kwa upande mmoja tu, lakini pembe huliwa kwa pande tatu. Kwa hiyo pembe zilioza kwanza, na tofali likawa mviringo lingali limezikwa. Halafu mvua zikauchukua mchanga uliooza, yakabaki mawe ya duara, moja juu ya jingine, kama tuyaonavyo kando ya ziwa Singidani. Hakuna aliyeyapandisha huko juu. Yalikaa pale pale, na nchi ndiyo iliyoshuka.

Kati ya mawe hukaa pimbi, ndio wibari wa Maandiko. Ni mdogo kama sungura, lakini wataalamu wa wanyama wamhesabu kuwa jamaa wa mbali wa tembo. (Watoto hucheka sana wakiambiwa hayo, na baada ya siku hiyo humtazama vingine.)

Ziwa nalo lina sababu yake. Mito haitoki Singidani. Maji huingia wakati wa mvua, na njia yake ya kuondoka ni jua tu, ambalo huchukua maji na kuiacha chumvi. Ndiyo maana hatuyanywi. Lakini ndani ya maji ya namna hii huota vimea vidogo visivyoonekana kwa macho, na hivyo ndivyo chakula cha heroe, ndege wa miguu mirefu. Kinda la heroe ni la kijivu. Rangi yake ya waridi huipata kwa kula. Uchungu wa maji tunaoulalamikia ndio umletao ndege ambaye wageni hulipa fedha nyingi kwenda kumtazama penginepo.

Habari za alizeti tutazisema kwa ufupi, kwa kuwa kila mmoja anazo shambani. Ua lile si moja, ni mamia ya maua madogo yaliyopangwa kwa mizunguko. Mche mchanga hulifuata jua toka mashariki hata magharibi, na usiku hurudi; lakini ukikomaa huelekea mashariki siku zote, ukipata joto mapema, na nyuki huupendelea kwa ajili hiyo.

Sasa liko neno zito. Mji unakua, na kila nyumba yataka kokoto. Watu huwasha moto juu ya jiwe hata lipasuke, kisha hulivunja kwa nyundo siku kutwa, na wengi wao ni akina mama wenye watoto wa kulisha. Hatuthubutu kuwahukumu, wala hatusemi kwamba jiwe ni bora kuliko chakula cha mtoto. Lakini jiwe lililochukua muda wote ule kufanywa halitaota tena, na machimbo yaweza kuchaguliwa mahali ambapo mwamba umelala chini, yakaachwa marundo yaliyosimama karibu na ziwa. Neno hili linafaa kunenwa katika mikutano ya mtaa sasa, yangali yamesimama. Nasi twajua ya kuwa hatanena mtu ambaye kwake mawe ni mawe tu.

Mwalimu atakaye kuwapeleka watoto na awapeleke yapata saa kumi na moja jioni, jua linapolala na kila punje kuwaka. Kila mtoto na achague jiwe moja, atafute ufa wake, aeleze maji yaliingilia wapi. Wasitie mikono katika mianya, kwa sababu ya nyoka na nyuki. Mwezi wa Juni unafaa zaidi, maana majani yamekauka na njia zaonekana. Ila wavae nguo nzito, kwa maana upepo wa wakati huo ni baridi.